Lexus LS 400 ya mwaka 1999 ikiwa na kilomita 412,000: tathmini baada ya miaka saba ya kuimiliki

Ninamiliki gari aina ya Lexus LS 400 lililotengenezwa mwaka 1999; Lexus ni chapa ya magari ya kifahari ya kampuni ya Toyota. Nililinunua likiwa limeshatembea kilomita 286,000, na asubuhi ya leo mita yake imesoma 412,000 na ushee. Kwa miaka saba nimelitumia kila siku, kwenda kazini, kubeba familia na kusafiri safari ndefu, na kila fedha iliyoingia humo nimeiandika katika daftari ninaloliweka kwenye kijisanduku cha dashibodi. Tathmini hii inatokana na daftari hilo. Naiandika kwa ajili ya mtu aliyeona gari la kifahari la zamani likiuzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida, akalizunguka mara mbili tatu huku moyo ukimvuta, kisha akachungulia mita na kurudi nyuma kwa hofu ya zile kilomita. Ninachotaka kumwambia ni kwamba hofu yake ni ya haki, ila ameielekeza mahali pasipostahili. Katika gari la namna hii chuma hakichoshwi na mwendo kwa urahisi. Kinachochoka ni mpira, plastiki na nyaya, na vitu hivyo huchoshwa na miaka hata gari likiwa limeegeshwa kivulini.

Kabla ya kueleza yaliyonipata, inafaa gari lenyewe lijulikane lilitoka wapi, kwa sababu namna lilivyoundwa ndiyo inayoeleza kwa nini bado lipo barabarani. Mwaka 1983 Eiji Toyoda, aliyekuwa mwenyekiti wa Toyota, aliwataka wahandisi wake waunde gari litakaloweza kusimama bega kwa bega na magari bora kuliko yote duniani. Kazi hiyo, ambayo mhandisi wake mkuu alikuwa Ichiro Suzuki, ilichukua miaka sita na kutumia magari ya majaribio yapatayo 450. Gari lilipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Detroit, Januari 1989, lilikuwa na injini ya V8, yaani yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 4.0 iliyopewa jina la 1UZ-FE, yenye bloku ya alumini na valvu 32. Nchini Japani gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Toyota Celsior. Toleo la pili lilikuja miaka mitano baadaye, na kwa magari ya mwaka 1998 injini iliongezewa mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka na kufungwa kwa valvu, nguvu zake zikafikia takribani nguvu farasi 290, na giaboksi ikawa ya gia tano. Gari langu ni la kundi hilo la mwisho.

Jambo lililonigusa zaidi kuhusu uundaji wake sikulisoma popote; nililiona nikiwa chini ya gari. Siku ya kwanza lilipopandishwa kwenye jeki kubwa, fundi aliniita, akaniwekea taa, akanionesha jinsi injini, giaboksi na shafti inayopeleka nguvu nyuma zilivyopangwa katika mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba mtu amepima kwa uzi. Katika magari mengi shafti hiyo huvunjika pembe kidogo hapa na pale, na kila pembe huzaa mtetemo ambao baadaye hufunikwa kwa magodoro ya kuzuia sauti. Waliounda gari hili waliamua kuukomesha mtetemo pale unapozaliwa. Uamuzi huo umekuwa na faida ambayo sidhani mnunuzi wa kwanza alikuwa akiifikiria: magodoro huzeeka na kubomoka, lakini mstari ulionyooka haubadiliki. Ndiyo maana gari lenye umri huu bado ni kimya.

Ukimya huo unastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndio sababu ya kulinunua. Gari likiwa limesimama kwenye taa za barabarani, nikiweka kiganja juu ya dashibodi sihisi chochote. Mke wangu amewahi zaidi ya mara moja kugeuza ufunguo kuwasha injini ambayo tayari ilikuwa imewaka. Kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, injini huzunguka takribani mara 2,000 tu kwa dakika, na abiria wa nyuma huzungumza na dereva kwa sauti ileile anayoitumia akiwa sebuleni. Watoto hulala kabla hatujafika mbali. Mimi mwenyewe, baada ya safari ya saa saba, hushuka nikiwa na uwezo wa kufanya kazi nyingine, jambo ambalo sikuwahi kulipata katika magari mapya zaidi na madogo zaidi niliyoyamiliki kabla yake.

Sasa nirudi kwenye kilomita. Kati ya mabadiliko ya mafuta, ambayo huyafanya kila kilomita 8,000, injini hii haijawahi kupunguza hata nusu lita. Ilipofikisha kilomita 390,000 niliomba ipimwe mgandamizo wa silinda zote nane, na tofauti kati ya silinda iliyosoma juu kabisa na ile iliyosoma chini kabisa haikuzidi paundi 10 kwa inchi ya mraba. Giaboksi hubadilisha gia bila kustusha, na sababu kubwa naamini ni kwamba tangu nilinunue nimekuwa nikibadilisha mafuta yake kila kilomita 60,000, kwa mafuta ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari na si yoyote mengine, bila kujali nani ameniambia kwamba mafuta ya giaboksi hudumu maisha yote ya gari. Simulizi ya gari langu si ya ajabu miongoni mwa magari ya aina yake. Mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Matt Farah, alinunua LS 400 ya mwaka 1996 iliyokuwa imeshatembea maili karibu 900,000, na likaendelea kutembea hadi likatimiza maili milioni moja, yaani zaidi ya kilomita milioni moja na laki sita. Gari lililofika huko halikufika kwa bahati. Kwa kawaida gari lenye kilomita nyingi namna hiyo ni gari lililokwenda safari ndefu, injini ikiwa imepata joto lake sawasawa, likifika gereji kwa wakati kwa sababu mwenyewe analitegemea. Lile lenye umri wa miaka 25 na kilomita 90,000 pekee limefanya nini miaka yote hiyo? Mara nyingi limekwenda mwendo mfupi, likazimwa kabla ya kupata joto, kisha likaachwa wiki kadhaa huku mafuta yakilala na mipira ikikauka.

Hili la mipira na plastiki nililifahamu kwa kidole changu mwenyewe. Nyuma ya injini ya gari hili, karibu na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, kuna mipira ya maji inayokwenda kwenye mfumo wa kupasha joto, na mipira hiyo imeunganishwa kwa vipande vidogo vya plastiki vyenye umbo la herufi T. Wiki ya pili baada ya kulinunua nilifungua boneti kuangalia tu, nikagusa kimojawapo cha vipande hivyo ili kuona kama kimekaza. Kilivunjika mkononi kama chaki. Hakikuwa kimevuja, hakikuwa na alama yoyote kwa nje isipokuwa rangi iliyogeuka kuwa ya kahawia. Kingepasuka barabarani, maji yote ya injini yangemwagika kwa dakika chache, na injini ambayo kilomita 286,000 zilishindwa kuiua ingekufa kwa joto kwa sababu ya kipande kisichozidi urefu wa kidole gumba. Spea hiyo ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa nilizowahi kununua. Nilibadilisha vyote pamoja na mipira yake siku hiyohiyo, na kuanzia hapo nikaacha kuuliza gari limetembea kiasi gani, nikaanza kuuliza kila kipande cha mpira na plastiki kina umri gani.

Tukio lililonifundisha zaidi, hata hivyo, lilikuwa la moshi. Mwaka wa pili, asubuhi moja, eksozi ilianza kutoa moshi mzito mweupe kila nilipozungusha usukani wakati wa kutoka kwenye maegesho, kisha moshi ukapungua nikiwa njiani. Gereji ya kwanza niliyokwenda walitazama moshi, wakatikisa vichwa, wakasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imekwenda na injini lazima ishushwe kwa oveholi. Waliniandikia makadirio yaliyokaribia bei ya gari lenyewe. Nililala vibaya siku tatu. Kilichonisumbua ni kwamba maji kwenye rejeta hayakuwa yamepungua hata kidogo, na gasketi iliyokufa hadi kutoa moshi wa namna ile isingeweza kuacha maji salama. Nikampelekea fundi mwingine, mtu mzima aliyewahi kushughulika na injini hizi kwa muda mrefu, nikamweleza jambo moja tu, kwamba moshi hutoka ninapozungusha usukani.

Hakuuliza lolote. Alifungua boneti, akapapasa upande wa pampu ya usukani, akachomoa mpira mwembamba wa hewa usiozidi unene wa kalamu, akauinamisha. Yakadondoka mafuta mekundu kwenye kiganja chake. Kwenye pampu hiyo kuna kivalvu kidogo ambacho kazi yake ni kuiongezea injini hewa kidogo dereva anapozungusha usukani gari likiwa limesimama, ili injini isilemewe. Kivalvu kikizeeka, mafuta ya usukani hupenya ndani yake, yakafuata mpira ule wa hewa hadi kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, injini ikayafyonza na kuyachoma. Huo ndio uliokuwa moshi wangu. Aliuziba mpira kwa muda, akawasha gari, akaniambia nizungushe usukani mwisho hadi mwisho. Moshi ulipungua mbele ya macho yetu na baada ya dakika chache ukaisha kabisa. Kivalvu kipya kilifungwa siku iliyofuata kwa kazi isiyozidi nusu saa. Siandiki haya kumdharau fundi wa kwanza, kwa sababu moshi mweupe katika magari mengi humaanisha kile alichokisema. Naandika kwa kuwa nina hakika kuna magari mazuri ya aina hii yaliyouzwa kama chuma chakavu kwa hukumu kama ile, na yangeweza kuokolewa kwa kuchomoa mpira mmoja.

Uvujaji wa mafuta ya usukani una balaa la pili linalofahamika vizuri kwa wenye magari haya, nalo ni kwamba oltaneta, mashine inayochaji betri, imekaa chini ya pampu. Pampu ikivuja kwa muda mrefu, mafuta hudondokea oltaneta na kuiharibu, na mwenye gari hubadilisha oltaneta mbili au tatu bila kuelewa kwa nini hazidumu. Anayechunguza gari la kununua apeleke tochi huko. Kukiwa kumelowa mafuta, ajue anapaswa kuhesabu gharama za vitu viwili.

Mkanda wa taimingi, unaozifanya valvu zifunguke kwa wakati unaolingana na mwendo wa pistoni, nao unahitaji kuzungumziwa bila kupunguza ukali. Kiwanda huagiza ubadilishwe kila kilomita 150,000 hivi, na injini hizi zenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu hazisamehe: mkanda ukikatika, pistoni hukutana na valvu, na hapo ndipo oveholi ya kweli inapoanza. Aliyeniuzia aliniapia kwamba ulikuwa umebadilishwa. Hakuwa na karatasi. Nilimshukuru, nikalipeleka gari moja kwa moja gereji kubadilisha mkanda, kikazio chake, puli zake na pampu ya maji ambayo huzungushwa na mkanda huohuo. Mkanda wa zamani ulipotolewa ulikuwa na nyufa ndogondogo mgongoni, na maandishi yake yalikuwa yamefutika kabisa. Kazi hiyo huchukua siku nzima na ni ghali, na ni kosa kubwa kuigawa vipande kwa kubadilisha mkanda leo na kuacha pampu ya maji, kwa sababu pampu ikianza kuvuja baada ya mwaka mmoja kila kitu kitafunguliwa upya na fundi atalipwa upya.

Kuna kosa moja nililolifanya mimi ambalo liko wazi katika daftari. Gari lilianza kutetemeka usukani kila nilipofunga breki nikiwa katika mwendo wa kasi. Nikaamini ni diski za breki zimepinda. Nikanunua diski mpya mbili za mbele na pedi zake, mtetemo ukapungua kwa mwezi mmoja, ukarudi. Nikanunua tena pedi. Hatimaye fundi alichukua pao refu, akalisukuma kati ya mkono wa mbele wa sasipensheni na fremu, na bushi kubwa ya mkono ule, yaani mpira unaokaa kwenye kiungo chake, ikafunguka kama mdomo. Bushi hizo zina majimaji ndani yake ili kumeza mtikisiko, na mpira ukipasuka majimaji humwagika, gurudumu likapata nafasi ya kucheza nyuma na mbele kila breki inapokamatwa. Diski zangu za mwanzo hazikuwa na kosa lolote. Tangu hapo sikubali kununua spea yoyote kabla ya kuoneshwa kwa macho kwamba ile iliyopo imekufa, na fundi anayekataa kunionesha simrudii.

Spea zenyewe ndizo zinazoamua kama mtu atalifurahia gari hili au litamtesa. Bei ya gari la kifahari hushuka mwaka hadi mwaka, lakini bei ya spea zake haijui kwamba gari limezeeka. Bushi, shokamzoba na sensa bado zinauzwa kwa thamani ya gari lililokuwa la mkurugenzi. Daftari langu linaonesha kwamba miaka miwili ya mwanzo pekee ilimeza kiasi kilichozidi bei niliyolinunulia. Mtu akisoma sehemu hiyo peke yake atasema nilipotea. Kuanzia mwaka wa tatu, hata hivyo, kurasa zinakuwa nyeupe: mafuta, chujio, pedi, matairi, betri, na kitu kimoja au viwili kwa mwaka. Deni la miaka ya uzembe wa wamiliki waliotangulia lilikuwa limelipwa, na niliyelilipa ni mimi. Kwa hesabu hiyo nashauri kwamba mwenye fedha za kununua gari tu, bila akiba nyingine inayolingana na bei hiyohiyo, asilinunue. Asilazimishe. Gari hili likimkuta mtu asiye na akiba humgeuza adui wa gari zuri.

Nafuu ipo, nayo ni kwamba injini ya 1UZ-FE ilifungwa pia katika magari mengine ya familia hiyo, yakiwemo Toyota Crown, Soarer, Lexus SC 400 na GS 400, hivyo plagi, gasketi, sensa na vitu vya mkanda wa taimingi si adimu kama mtu anavyodhania akiliona jina lake. Kwa upande wa sasipensheni hali ni ngumu zaidi, na huko ndiko spea za bandia zilikojaa. Niliwahi kununua boljointi ya chini, kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu, kwa robo ya bei ya ile halisi. Sanduku lake lilikuwa zuri, nembo ilikuwa imechapwa vizuri, na baada ya miezi minne ilikuwa inagonga kuliko ile niliyoitoa. Boljointi ikichomoka gurudumu hulala, na gari la kilo zaidi ya 1,700 lililo katika mwendo halina muda wa kumuuliza dereva. Kwa vitu vinavyoshikilia gurudumu na breki sinunui tena kingine isipokuwa halisi, hata nikilazimika kuliegesha gari mwezi mzima nikisubiri fedha au mzigo. Kwa vitu vya urembo, vitasa na vifuniko, spea zilizotolewa kwenye gari jingine zinatosha kabisa.

Stata, mota inayowasha injini, nayo imejificha mahali ambapo mtu hangefikiria, chini ya manifoldi ya hewa, katikati ya bonde la V. Kuibadilisha ni kuifungua sehemu yote ya juu ya injini. Yangu ilikufa mwaka wa nne, na kwa kuwa manifoldi ilikuwa tayari imeshatolewa, tulibadilisha gasketi zake, mipira yote ya hewa iliyokuwa chini na nyaya zilizokauka. Hiyo ni busara inayolipa sana katika gari la umri huu: ukifika mahali pagumu kufikika, maliza kila kilichozeeka kilichopo hapo kabla ya kufunga.

Ndani ya gari uzee umekuja kwa upole. Ngozi ya kiti cha dereva imepasuka upande wa mlango, pale mwili unapojisugua kila mtu anapoingia, lakini viti vya nyuma vingeweza kuuzwa kama vipya. Nimekuwa nikiisafisha ngozi na kuipaka mafuta yake kila baada ya miezi mitatu, na naamini imesaidia. Kioo kidogo kinachoonesha nyuzijoto za kiyoyozi kimeanza kupata doa jeusi pembeni, tatizo linalojulikana kwa magari haya, na mwanga wa mshale mmoja wa dashibodi umefifia. Mota inayosogeza usukani juu na chini hulia kidogo asubuhi. Kiyoyozi chenyewe hakijaguswa isipokuwa kuongezewa gesi mara moja, na bado kinagandisha. Redio na kicheza kaseti vinafanya kazi, na sauti yake ni ya kupendeza kiasi kwamba sijataka kuvitoa.

Mafuta ya petroli ni jambo la kusemwa kwa ufupi na ukweli. Linakunywa. Mjini napata kilomita saba kwa lita, na katika safari ndefu kumi au kumi na moja nikiwa mpole, na linataka petroli ya daraja la juu. Anayetumia saa nyingi kwenye foleni kila siku atahisi uzito huo kuliko ninavyouhisi mimi, ambaye sehemu kubwa ya mwendo wangu ni barabara iliyo wazi. Usalama nao lazima upimwe bila mapenzi: lina mifuko ya hewa ya mbele na ya pembeni na mwili mzito uliojengwa vizuri, lakini ni gari la karne iliyopita, na gari jipya la ukubwa wa wastani lina vifaa vya kuzuia ajali ambavyo hili halikuwahi kuota.

Kwa anayekwenda kulitazama gari la aina hii ili anunue, ombi langu la kwanza ni kwamba alikute injini ikiwa ya baridi. Muuzaji akikwambia ameshaliwasha ili kukurahisishia, mwambie utarudi kesho. Liwashe mwenyewe, sikiliza sekunde kumi za mwanzo, zungusha usukani huku mwenzako akitazama eksozi. Kisha omba karatasi. Mimi ningechagua gari la kilomita 350,000 lenye bahasha nene ya risiti za gereji kuliko la kilomita 120,000 lenye maelezo ya mdomo, na katika mita za zamani hata hizo 120,000 zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma. Tazama pedali ya breki na ngozi ya usukani, kwa sababu hizo hazirudishwi nyuma. Likiwa barabarani, funga breki kutoka mwendo wa kasi mahali salama na uhisi usukani. Bonyeza kila kitufe, teremsha kila kioo, sogeza kila kiti mwisho hadi mwisho. Na likiwa ni lile lenye sasipensheni ya hewa badala ya springi za chuma, jipe moyo wa kuliacha, hata kama ni zuri namna gani, kwa kuwa mifuko yake ni mpira na mpira una umri uleule na gari.

Swali ninaloulizwa na ndugu na marafiki ni kwa nini nisiuze, nichukue gari jipya dogo lisilo na maswali. Nimelifikiria kwa dhati mara mbili, na mara zote mbili nilikwenda kujaribu magari hayo. Yalikuwa mazuri na yalikunywa kidogo. Lakini nilipofunga mlango, ule mlio mwembamba wa bati ulinirudisha nyumbani. Mlango wa gari langu hufungwa kwa kidole kimoja na sauti yake ni ya kitu kizito kinachorudi mahali pake, kama ilivyokuwa siku nilipolijaribu kwa mara ya kwanza, na huenda kama ilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Mtu aliyefunga bawaba zile alifanya kazi yake kwa heshima, na mimi nimefaidi heshima hiyo kwa miaka saba bila kumjua. Kwa hiyo alama ninazolipatia gari hili ni za juu, pamoja na masharti yote niliyoyataja ya akiba, fundi anayeelewa na spea halisi. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, nisingempendekezea mtu gari hili.

Mwezi ujao linarudi kwenye jeki. Mauntini za injini, yaani mipira inayoibeba, zimeshafikisha umri, nimeanza kuuhisi mtetemo mdogo ninapoingiza gia ya nyuma, na mkanda wa taimingi umebakiza kilomita zisizofika 25,000 kabla ya zamu yake, kwa hiyo vyote vitafanywa pamoja wakati mbele ya injini imefunguliwa. Spea zote nimeshazinunua na ziko kwenye buti, ndani ya masanduku yake, pamoja na vile vipande vidogo vya plastiki vyenye umbo la T, kwa sababu vile nilivyofunga mwanzo navyo sasa vina miaka saba.